Je, wajua kwa nini mizani haikubaliani na kalori ulizochoma?

Mtu wa kilo 80 anatembea kwa haraka saa nzima, kilomita 5 hivi, siku tano kwa wiki mjini Kisumu. Kifaa cha mkononi kinamwonyesha kalori 280 kila siku. Anapiga hesabu: wiki 12 ni kalori 16,800, agawanye kwa 7,700, yaani kalori za kilo moja ya shahamu (mafuta ya mwilini), aone atapungua kilo 2.2. Muda ukifika, mizani inaonyesha amepungua kilo moja na nusu, mara nyingi hata pungufu. Kifaa huenda hakina kosa. Kasoro iko kwenye hesabu.

Hiyo 7,700 ina msingi. Gramu moja ya mafuta halisi ina kalori 9, ila shahamu ya mwilini ina maji na protini ndani yake, na mafuta yenyewe ni kama asilimia 85 hadi 87. Ndiyo maana kilo moja haifiki 9,000.

Tatizo ni ile 280. Mazoezi hupimwa kwa kizio kiitwacho MET: kukaa tu ni 1, kutembea kwa kasi hiyo ni 3.5, kukimbia kilomita 8 kwa saa ni 8.3. Unazidisha MET kwa uzito wako kwa saa ulizotumia, yaani 3.5 × 80 × 1 = 280. Lakini angebaki nyumbani kwenye kochi, saa hiyo hiyo ingemla kalori 80. Hizo si matunda ya mazoezi. Toa 1 kwanza: 2.5 × 80 = 200. Kwa wiki ni 1,000, sawa na gramu 130 za shahamu. Wiki 12 ni kilo 1.56. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayokula karibu theluthi ya matumaini yao.

Kuna upunguzaji mwingine wa kimyakimya. Ukifika kilo 72, mwendo ule ule unakupa 180 badala ya 200, kwa kuwa mzigo unaobeba umepungua. Halafu mtu aliyechoka hukaa zaidi mchana, hupanda boda hata kwa safari fupi, na njaa humwongezea tonge. Chapati moja ya mafuta huwa na kalori 200 hadi 300. Basi, saa nzima imekwisha kwa chapati moja!

Ukitaka zaidi bila kukimbia, tafuta mlima. Njia inayopanda mita 5 kwa kila mita 100, kwa kasi ile ile, hufikisha MET 5.5 hivi, kwa mtu wetu ni kalori 360 halisi kwa saa. Wa Nakuru wana Menengai, wa Kisumu wana Riat. Kushuka kusihesabiwe hivyo, na kwenye mashine ya jimu usining'inie vishikio, maana vinakupunguzia kazi.

Kwenye mizani, usidanganywe na maji. Lita moja ya jasho la joto la Kisumu ni kilo moja, na inarudi ukinywa. Pia kila gramu ya glaikojeni, yaani sukari ya akiba kwenye misuli na ini, hushika gramu 3 hivi za maji, kwa hiyo wiki ya kwanza uzito unaweza kushuka kwa kishindo, shahamu ikiwa haijaguswa sana. Jipime asubuhi baada ya kwenda msalani, kabla ya chai, kisha linganisha wastani wa siku saba na wastani wa wiki iliyotangulia.