Wakala wa majarida si mchapishaji

Juzi nimelisikia tena, tena kwa mtu wa maktaba: "Mchapishaji wetu, EBSCO." EBSCO ni kampuni ya wakala wa majarida. Nikanyamaza, lakini sikulala nalo vizuri.

Maana ya wakala ni fupi. Wakala wa majarida huiagizia maktaba ya chuo majarida kutoka kwa wachapishaji wengi, hupokea malipo kwa ankara moja, kisha humfikishia kila mchapishaji chake.

Neno wakala lina asili ya Kiarabu, mzizi uleule wa wakili na tawakali: kumkabidhi mwingine jambo lako. Kwa Waarabu wakili ndiye mtu na wakala ndiyo kazi. Sisi tukampeleka wakili mahakamani, na wakala tukamfanya mtu, hadi leo yuko kila kona na kibanda cha M-Pesa. Ila ile maana ya kukabidhiwa imebaki. Wakala wa majarida aitwaye Swets, kampuni ya Uholanzi, ilipofilisika mwaka 2014, maktaba zilizokwisha kuilipa zilijikuta zimeshalipa ankara, lakini wachapishaji hawajalipwa. Jarida halikuwa la Swets hata siku moja. Kwao lilikuwa dhamana tu.

Enzi za karatasi wakala alihangaika na toleo lililopotelea posta. Jarida la mtandaoni halipotei posta. Isitoshe, tangu miaka ya 1990 wachapishaji wakubwa huuza vifurushi vya majarida moja kwa moja kwa miungano ya maktaba, na kamisheni ya wakala ikapungua. Akahamia kwenye leseni, kusajili anwani za IP za chuo (namba zinazokitambulisha mtandaoni), kufufua viungo vya mtandao vilivyokufa na kukusanya takwimu za matumizi.

Vurugu inaanzia hapa. EBSCO, iliyoanza 1944, ni wakala, lakini pia ina hifadhidata zake za EBSCOhost. Huko ni mkusanyaji: amepewa na wachapishaji ruhusa ya kuonyesha makala zao, na mwenye mali akiamua, matoleo mapya husubiri mwaka mzima au jarida huondolewa kabisa. Kitengo hicho kiliwahi kuitwa EBSCO Publishing, kwa hiyo sitamgombeza sana mwenzangu.

Ila jarida likigoma kufunguka, tuulize kwanza limo kwenye hifadhidata au tumelilipia lenyewe kupitia wakala. Likiwa la wakala, aulizwe kama malipo yamefika na anwani zetu zimesajiliwa. Likiwa la hifadhidata, huenda mchapishaji mwenyewe ameshaliondoa.