Mahameli Nyeusi na Mtu Asiyeonekana

Katika filamu ya The Invisible Man ya mwaka 1933 kuna tukio ambalo huwaonyesha vijana ninaowafundisha kazi ya kuunganisha picha, kabla sijawaruhusu kugusa kompyuta. Mgeni aliyepanga chumba katika kijiji cha Iping, Uingereza, amezongwa na wenyeji pamoja na polisi wanaotaka kujua yeye ni nani. Anang'oa pua ya bandia, anavua miwani ya giza, kisha anaanza kuzifungua bendeji zilizomzunguka uso, na chini ya bendeji hamna kitu. Shati limesimama wima, kicheko kinasikika, lakini kichwa hakipo, na mahali pake panaonekana chumba kilicho nyuma. Swali la vijana huwa lilelile kila mwaka: waliwezaje, ilhali kompyuta hazikuwapo?

Jibu langu la kwanza huwa ni maneno mawili tu, mahameli nyeusi, na baada ya hapo somo huchukua siku nzima.

Filamu hiyo ilitengenezwa na studio ya Universal ya Marekani, mwongozaji akiwa James Whale, kutokana na riwaya ya H. G. Wells iliyochapishwa mwaka 1897. Mhusika mkuu, Dakta Jack Griffin, ni mwanasayansi aliyejidunga dawa aliyoichanganya mwenyewe kwa siri. Mojawapo ya viambato vyake, kinachoitwa monokeini, huondoa rangi ya kila kinachokigusa, na pia humtia wazimu anayekitumia, jambo ambalo Griffin mwenyewe halijui. Hapo ndipo kitisho kinapoanzia, kwa maana mtu aliyeanza kwa kutafuta njia ya kurudi katika hali yake ya kawaida anaishia kuangusha garimoshi lililojaa abiria. Hadithi nitaiacha hapo, kwa kuwa kinachonihusu ni kazi ya John P. Fulton, aliyesimamia ufundi wa picha.

Kuna matukio ambayo Griffin yuko uchi kabisa, haonekani hata unywele, na hayo yalikuwa mepesi kwa kiasi fulani. Kitu kinachopaa hewani huwa kimening'inizwa kwa nyuzi nyembamba, basi. Ugumu ulikuwa pale anapokuwa amevaa nusu, yaani suruali ipo na miguu haimo, au shati lipo na kichwa hakipo. Nyuzi haziwezi kulifanya shati litembee kama lina kifua ndani yake. Ni lazima awemo mtu, na mtu huyo ni lazima aondolewe.

Fulton aliifunika sehemu ya kupigia picha kwa mahameli nyeusi, kuta na sakafu, kisha akamvika mwigizaji mahameli hiyohiyo kuanzia utosini hadi vidoleni, na juu yake akamvalisha zile nguo zilizotakiwa kuonekana. Mahameli ilichaguliwa kwa sababu vinyweleo vyake huumeza mwanga badala ya kuurudisha. Kitambaa cheusi cha kawaida hung'aa kidogo kinapomulikwa, na mng'ao mdogo tu ungeacha umbo la bega au kidevu kwenye filamu. Kilichopatikana kilikuwa ni shati linalojiendea katika giza tupu. Chumba chenyewe, pamoja na waigizaji wengine, kilipigwa picha peke yake. Kutokana na filamu ya lile shati vilitengenezwa vizibo, yaani nakala zenye weusi na weupe mkali bila kijivu katikati, ambazo kazi yake ni kuzuia mwanga pale panapotakiwa. Wakati wa kuchapa nakala ya mwisho, kizibo kimoja kilikinga mahali pa shati ili chumba kichapwe pembeni yake, na kizibo cha pili, kilicho kinyume chake, kikaruhusu shati pekee lichapwe kwenye ile nafasi iliyobaki.

Anayefanya kazi hii leo atakuwa ameshatambua kwamba ndicho tunachokifanya kwa kitambaa cha kijani kinachotandazwa nyuma ya mwigizaji. Kompyuta hutafuta rangi ya kijani na kuitoboa. Fulton alitafuta weusi. Tofauti ni kwamba mimi nikikosea naona kosa papo hapo na kurudia, ilhali yeye alisubiri filamu isafishwe kwanza. Aidha, mwanga uliomulika shati kwenye mahameli ulipaswa kulingana na mwanga wa chumba kilichopigwa picha siku nyingine, na hilo ndilo hasa humtofautisha fundi na mbabaishaji hadi leo. Nimewahi kupokea tangazo la biashara ambamo mtu alikuwa na kivuli upande wa kushoto huku meza yake ikiwa na kivuli upande wa kulia, na mteja alishangaa kwa nini picha "inaonekana ya uongo".

Sasa fikiria aliyekuwa ndani ya mahameli. Kofia yake ilimziba kichwa chote, na hewa aliipata kwa mipira iliyopitishwa chini ya nguo, kama mpiga mbizi. Hewa hiyo ilivuma masikioni kiasi kwamba Fulton alipotumia kipaza sauti kumwelekeza, bado alisikika kwa mbali tu. Ili aone, aliachiwa matundu ya macho, na matundu hayo yakaleta taabu mpya, kwa kuwa kwenye filamu yaliacha madoa yaliyoelea hewani. Dawa yake ilikuwa brashi. Futi zipatazo 4,000 za filamu zilirekebishwa kwa mkono, na kwa kuwa futi moja ya filamu ya milimita 35 ina fremu 16, yaani picha moja moja, hizo ni fremu zipatazo 64,000, kila moja ikiguswa kwa rangi chini ya kioo cha kukuza. Ninapowaambia vijana idadi hiyo, malalamiko ya kompyuta kuwa nzito hupungua kwa muda.

Hapa naomba kuchepuka kidogo, kwa sababu haya madoa ya macho yana kichekesho chake. Kitu huonekana kwa kuwa hufyonza mwanga, huurudisha, au huupinda. Tumbukiza kioo cha aina ya Pyrex ndani ya mafuta ya kupikia nacho karibu kitatoweka, maana mwanga hupita katika vitu hivyo viwili kwa mwendo unaokaribiana mno, hivyo haupindi. Lakini jicho huona kwa sababu lenzi yake huupinda mwanga na retina yake, yaani utando ulio nyuma ya jicho, huufyonza. Jicho lisilofanya hayo mawili halioni chochote. Griffin wa kweli angekuwa kipofu tangu dakika dawa ilipomaliza kazi, na asingeweza kulifukuza hata kuku, seuze kulitisha taifa. Mafundi wa Fulton walilazimika kuziba kwa brashi, fremu baada ya fremu, ile sehemu pekee ya mwili ambayo kwa kanuni za fizikia isingeweza kupotea bila hasara.

Mwigizaji wa Griffin, Claude Rains, alikuwa mgeni katika filamu za Marekani. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliathiriwa na gesi ya sumu akabaki karibu haoni kwa jicho moja. Kwa kuwa uso wake haukupatikana, filamu nzima imebebwa na sauti yake, nayo ni sauti inayoweza kubembeleza na kutisha ndani ya sentensi moja. Kwa maoni yangu bila sauti hiyo mahameli yote ile ingebaki mazingaombwe.

Kazi hiyo haikukosa dosari. Karibu na mwisho Griffin anatoroka akiwa uchi, na polisi wanamfuata kwa nyayo zinazojichora kwenye theluji. Zilitengenezwa kwa ubao uliokatwa maumbo ya nyayo, ukafunikwa theluji ya bandia, kisha vipande vikaachiliwa kimoja kimoja kwa kamba ili theluji itumbukie. Maumbo yaliyokatwa ni ya viatu.

Anapigwa risasi, na baada ya hapo anafikishwa kitandani, ambako anakufa na mwili wake kuanza kuonekana tena. Mto ulioingia ndani kana kwamba umelaliwa ni wa plasta, na shuka lililotuna juu ya mwili usiokuwapo ni la karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Kamera haisogei hata kidogo. Taratibu linajitokeza fuvu, kisha sura isiyokamilika, kisha uso wa Rains, ambao mtazamaji anauona hapo kwa mara ya kwanza. Macho yamefumbwa, na hapakuwa na tundu la kuziba.