Pakiti Sita Mezani: Dhana Tunazobeba Kwenye Mashindano ya Kadi

Vijiwe vya Kampala vimejaa wachezaji wa matatu. Simaanishi gari, gari hilo sisi huku tunaliita taksi. Nasema karata: mbili ikishuka mwenzako anavuta, na saba ya kukata ikishuka watu wanafunua mikono na kuhesabu pointi. Mimi nimekulia kwenye karata hizo Busia, upande wa Uganda, na siku nilipoalikwa kwenye mashindano ya Magic: The Gathering nilijiambia karata ni karata tu. Nilipigwa mechi tatu mfululizo.

Siku hizi naandaa mwenyewe. Tunakutana Jumamosi moja moja huko Ntinda, kwenye chumba cha juu cha mgahawa, watu kumi, wakijaa sana kumi na wawili: Waganda, wanafunzi wa kutoka Kenya, jamaa wa Goma na Bukavu. Kiswahili cha mezani kina Kiganda ndani yake na Kifaransa pembeni. Aina ya mchezo tunayoipenda ni ya pakiti zilizofungwa. Kila mtu anapewa pakiti 6, anazifungua hapo hapo, na kwa alichokipata anaunda deki, yaani fungu lake la kuchezea, la kadi zisizopungua 40. (Deki hii si ya kupiga sakafu, ingawa kuna siku utaondoka unajiona sakafu.)

Kila anapokuja mgeni, nasikia maneno yale yale niliyokuja nayo mimi.

"Huu ni uchawi, au ni kamari."

Hili huletwa zaidi na akina mama wanaokuja kuwachukua watoto wao, na siwalaumu: jina lenyewe ni la uchawi, na picha zina mifupa na mapepo. Aliyeubuni, Richard Garfield, ni mtu wa hisabati. Mchezo ulitoka mwaka 1993, mwaka ule ule alipomaliza shahada yake ya udaktari wa hesabu. Ukimwona kijana ameinamia meza kama anaomba dua, jua anajumlisha. Kuhusu kamari, kwetu hakuna dau. Unalipia pakiti zako, kadi zote zinabaki mali yako ushinde ushindwe, na mshindi anaongezewa pakiti moja au mbili. Nilimweleza hivyo mama mmoja, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hii hela yote mnalipia makaratasi?" Hapo sikuwa na jibu.

"Mwenye pesa ndiye mshindi."

Kwenye mitindo mingine ya mchezo huu, ambako mtu anakuja na deki aliyoijenga nyumbani, neno hili lina ukweli, maana kuna kadi moja inayouzwa bei ya pikipiki. Pakiti zilizofungwa ndizo dawa yake. Sita kwako, sita kwangu, basi. Aliyefika na gari na aliyeshuka boda wote wanafungua mbele ya macho ya watu. Hata hivyo kiingilio si kidogo kwa hali zetu. Pakiti moja huko nje ni karibu dola 5, hivyo sita zinapita shilingi 100,000 kabla hujaongeza gharama ya anayezileta. Zetu nyingi huja kwenye begi la mtu anayetoka Nairobi kwa basi la usiku. Ndiyo maana hatukutani kila wiki.

"Nimepata kadi kali, nitaziweka zote."

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapokufa.

Pakiti za sasa zina kadi 14, kwa hiyo mezani kwako kuna kadi 84 hivi. Zimegawanyika katika rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Kila rangi ina ardhi yake, na kadi hizo za ardhi ndizo zinazokupa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine. Bila ardhi ya kijani, kadi ya kijani mkononi ni picha ya kutazama. Ardhi za kawaida si lazima zitoke kwenye pakiti zako. Mwandaaji ana sanduku lake, unachota kadiri unavyotaka.

Siku yangu ya kwanza nilifungua joka jekundu, malaika mweupe na nyoka mkubwa wa kijani, na kwenye buluu pia mlikuwa na vitu vya kutamanisha. Nikasema hapana, siachi kitu. Nikaweka rangi nne. Ardhi nikaweka 13 tu, kwa sababu niliziona kama abiria wasiolipa nauli: kila ardhi inamnyima nafasi mnyama mmoja mzuri. Mechi ya kwanza nikashika joka, malaika, kadi mbili za buluu, na ardhi moja ya kijani. Upande wa pili dada mmoja mpole alishusha kajiumbe kadogo zamu ya pili, kengine zamu ya tatu, akawa ananitoa uhai pointi mbili, tatu, nne. Unaanza na 20. Zinakwisha haraka kuliko unavyodhani.

Sasa hesabu. Deki ya kadi 40 kwa kawaida inabeba ardhi 17 na kadi 23 za kazi. Unaanza kwa kuvuta kadi 7, na kwa ardhi 17 wastani ni kupata karibu 3, ambazo ndizo unazozihitaji. Ukiwa na ardhi 17, mkono wenye ardhi moja au usio nayo kabisa unakuja kama mara moja katika kumi. Ukipunguza hadi 13 kama nilivyofanya mimi, unakuja mara moja katika nne. Mimi nilijirushia sarafu mbaya kila gemu, kisha nikalalamika kwamba sina bahati.

Rangi nazo ni vilevile. Ukishika rangi mbili na kugawa ardhi 9 kwa 8, rangi yenye 9 itakuwepo kwenye mkono wako wa kwanza kwa asilimia 86 hivi. Ukiongeza rangi ya tatu kwa ardhi 3 tu, asilimia 55 ya mikono yako ya kwanza haitakuwa na hata moja ya hizo. Haimaanishi rangi ya tatu ni haramu. Kadi moja au mbili zinazomaliza kazi, zisizodai kushushwa mapema, zinaweza kubebwa hivyo, hasa ukiwa na kadi za kukutafutia ardhi. Ila mtu anayeniambia anacheza rangi nne "kwa tahadhari", mimi namwandalia soda ya kumliwaza mapema.

Ndugu wa dhana hii ni yule anayesema deki kubwa ni bora, anaweka kadi 50 au 60 kwa sababu 40 ndicho kiwango cha chini na kiwango cha chini ni cha maskini. Gemu ya kawaida utaona kama kadi 16 za deki yako. Joka lako likiwa kwenye kadi 40, uwezekano wa kulikuta ni asilimia 40. Kwenye 60 unashuka chini ya 27. Umemnunua mfalme ukamficha kwenye umati.

"Kadi adimu ndiyo kadi nzuri."

Kila pakiti ina angalau kadi moja adimu, na mgeni huzipanga hizo sita mbele kama mashahidi wa harusi. Nyingine ni kali kweli. Nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya mtindo tofauti kabisa na hapa hazifanyi chochote. Kadi unayoitaka kwenye pakiti zilizofungwa mara nyingi ni ya kawaida, ile ambayo watu huiacha mezani kama risiti: inayoua kiumbe cha mwenzako kwa mana mbili au tatu. Fungua pakiti, tenga rangi, kisha uliza rangi ipi ina kadi nyingi za kuua. Baada ya hapo hesabu viumbe. 15 au 16 vinatosha. Halafu vipange kwa bei: vya mana mbili hapa, vya tatu pale, vya nne, hadi vya sita. Ukiona mstari wa mbili una kadi moja na mstari wa sita una saba, deki hiyo itaketi ikitazama wenzake wakila.

Ninachokifanya sasa, na nawafundisha wageni, ni kutandaza mara mbili. Unajenga deki ya kwanza, ile moyo unayoitaka, unapiga picha kwa simu. Kisha unaivunja na kujenga nyingine kwa rangi tofauti. Muda upo, sisi tunatoa dakika 50. Mara nyingi ya pili haina joka, na ndiyo unayopaswa kuicheza.

"Mkono wa kwanza ni wa Mungu, cheza ulichopewa."

Hili ni la matatu moja kwa moja, maana kule ulichogawiwa ndicho chako. Hapa unaruhusiwa kurudisha. Unachanga tena, unavuta 7 mpya, kisha unaweka moja chini ya deki. Ukirudisha mara mbili, unaweka mbili. Kanuni hii imekuwa hivyo tangu 2019. Hata deki iliyojengwa vizuri kwa ardhi 17 inakupa mkono wa ajabu, wenye ardhi moja kushuka au sita kupanda, kama mara moja katika nane. Kuurudisha mkono huo si woga.

"Zilizobaki ni takataka."

Zile kadi 60 ulizoziacha zinakaa pembeni yako kwa kazi. Mechi ni ya gemu tatu, anayeshinda mbili amemaliza. Kati ya gemu na gemu unaweza kubadilisha kadi, na kwenye mashindano ya kirafiki kama yetu unaweza hata kubadilisha rangi. Umemwona mpinzani ana viumbe vinavyoruka vitano? Basi kile kibuibui cha kijani kinachozuia vya kuruka, ulichokidharau saa moja iliyopita, kina kibarua.

"Kumwita mwamuzi ni kumshtaki mwenzako."

Dhana hii ni ya adabu, ndiyo maana ni ngumu kuitoa. Mtu wetu ataona kadi haieleweki, atatabasamu, atasema "si kitu, ssebo, endelea", na gemu inaharibika. Inua mkono. Mwamuzi anakuja, anasoma, anajibu, anaondoka. Hakuna anayeandikwa jina. Na hapa niseme la lugha: kadi hizi hazichapishwi kwa Kiswahili. Wapo wanaodhani basi bila Kiingereza cha ofisini hufai. Zinachapishwa kwa Kifaransa, na jamaa yetu mmoja wa Goma anazo, anazisoma vizuri kuliko sisi tunavyosoma za Kiingereza. Kadi ikiwa ya lugha usiyoijua, una haki ya kuuliza maneno yake rasmi. Maneno ya kurudiarudia si mengi. Baada ya Jumamosi mbili utayajua.

La kuchanga karata nalipitia haraka. Kuzigawa mafungu mafungu mezani ni kuzihesabu, hujazichanga. Zichange kwelikweli, kisha mpe mpinzani akate au achange naye. Akikukatia si kwamba anakushuku. Vifuko vya plastiki vya kuvalisha kadi viwe vya aina moja na vya umri mmoja, maana kimoja kilichopinda kona ni alama, hata kama hukukusudia. Na rolex, ile chapati yetu ya mayai, isubiri. Sisemi msile, mimi mwenyewe naagiza mbili, lakini mafuta ya chapati kwenye kadi hayatoki, tena yanaonekana hata upande wa nyuma.

"Nimepoteza ya kwanza, naenda zangu."

Hatuchezi mtindo wa kutolewa. Watu kumi na wawili wanacheza raundi nne, wote, na kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi karibu na zako. Kushinda ni pointi 3, sare 1. Ukianguka raundi ya kwanza, ya pili unakutana na mwingine aliyeanguka, na huko chini ndiko kwenye vicheko vingi. Raundi ina dakika 50. Muda ukiisha mnamaliza zamu inayoendelea na kuongezewa zamu tano. Ndiyo, tunaanza kwa saa. Nimeandika saa nne asubuhi, maana yake saa nne asubuhi, mvua ya Kampala ikiwepo au isiwepo.

Mwezi uliopita yule jamaa wa Goma alimaliza na ushindi mmoja kati ya raundi nne, kwa deki nyekundu na nyeusi iliyokuwa na majoka mawili. Umeme ulikuwa umekatika, tunasubiri mvua ipungue, akazitandaza kadi zake zote upya kwenye mwanga wa simu. Akaanza kupanga kijani na nyeupe. Mstari wa mbili, viumbe sita. Mstari wa tatu, vitano. Kadi nne za kuua. Akanyamaza muda mrefu, kisha akamgeukia mshindi wa siku ile na kumwambia, "Grand frère, kaa. Tucheze moja tu." Walicheza tano. Alishinda nne, na mvua ilikuwa imeacha zamani.