Manesi wa angani wa Kikosi cha 807: yanayosemwa na yaliyotokea

"Ndege zao zilikuwa na msalaba mwekundu, adui hakuzigusa"

Hili ndilo husemwa zaidi, na si kweli. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kikosi cha 807 cha Jeshi la Marekani, kilichokuwa Catania, kwenye kisiwa cha Sicily, Italia, mwaka 1943, kilihamisha majeruhi kwa ndege za mizigo aina ya C-47, ndege zile zile zilizopeleka askari na risasi karibu na mapigano. Mzigo ukishushwa, machela hufungwa, majeruhi wakapakiwa, safari ya kurudi ikaanza. Ndege iliyobeba risasi asubuhi haiwezi kudai ulinzi wa msalaba mwekundu jioni. Haikuwa na alama hiyo wala bunduki, na kila nesi aliyepanda alilijua hilo.

"Daktari alikuwamo ndani, nesi alimsaidia tu"

Daktari kwa kawaida alibaki uwanjani kuchagua nani anaweza kusafirishwa. Angani walikuwa nesi mmoja na askari tabibu mmoja, mbele yao machela 18 au zaidi.

Naomba msomaji akae hapa kidogo. Ndege ikipanda juu, hewa hutanuka. Aliyepigwa risasi kifuani, hewa iliyonaswa kando ya pafu lake inakua na kulibana. Injini zinanguruma kiasi kwamba kusikiliza kifua hakuwezekani, hivyo nesi anatazama rangi ya midomo na kucha, kisha anaamua: oksijeni, au amwombe rubani ashuke. Elimu hiyo ilitolewa kwenye uwanja wa ndege wa Bowman Field, Kentucky, Marekani, ambako darasa la kwanza lilihitimu Februari 1943. Kwa hesabu za jeshi lenyewe, katika vita vyote wagonjwa zaidi ya milioni 1.1 walisafirishwa kwa ndege, na waliofia njiani ni 46. Kazi hiyo haikuwa ya kushika mikono ya wagonjwa tu.

"Walioanguka Albania walikuwa na majeruhi, wakatekwa na Wajerumani"

Hawakuwa na majeruhi hata mmoja. Novemba 8, 1943, manesi 13, askari tabibu 13 na wanaanga wanne walioendesha ndege waliondoka Catania kwenda Bari, Italia bara, kuchukua wagonjwa. Hali ya hewa ikachafuka, wakapotea, wakatua kwa kishindo ndani ya Albania iliyokaliwa na Wajerumani.

Hawakutekwa. Wapiganaji wa Albania waliwaongoza, wanakijiji maskini wakawalaza na kuwagawia mkate wa mahindi, ingawa kumficha Mmarekani kungeweza kuchomesha kijiji kizima. Walitembea milimani kwenye theluji, viatu vikiwaishia miguuni, chawa na kuhara vikiwaandama.

Mwishoni mwa Desemba, ndege zilitumwa kuwachukua karibu na mji wa Gjirokastër, kusini mwa Albania. Kundi lilikuwa mlimani likitazama uwanja, lakini Wajerumani walikuwa wamefika na magari yao barabarani jirani. Kundi halikutoa ishara ya kuziita ndege zitue. Ndege zikapita chini kabisa, wakaziona, zikaondoka. Sijui sehemu ya kisa hiki inayoniuma zaidi ya hiyo.

"Wote waliokolewa pamoja"

Watu 27 walivuka bahari kwa mashua na kufika Bari Januari 9, 1944. Manesi watatu walikuwa wametengana nao Wajerumani waliposhambulia mji wa Berat, wakafichwa humo ndani ya nyumba ya wenyeji. Walitoka Machi, wamevaa nguo za kiraia, mikononi vitambulisho vya Kialbania vyenye picha zao.