Hukumu na haki katika Amosi: dhana potofu zinazomkwamisha kiongozi wa kikundi cha wanafunzi

Vikundi vya Biblia vya wanafunzi, iwe ni TAFES, UKWATA, CASFETA au fellowship ya hosteli isiyo na jina, huenda vizuri kwenye Zaburi na barua za Paulo. Zamu ya manabii ikifika, wengi huchukua mistari miwili mitatu ya faraja na kupita. Hilo linaniuma, maana vijana hawa kesho ndio mahakimu, maafisa ugavi, walimu na wafanyabiashara wa mazao, na hakuna sehemu ya Maandiko inayosema na kazi hizo waziwazi kuliko manabii. Nitashika kitabu cha Amosi. Kina sura 9 tu, kwa hiyo kikundi kinaweza kukimaliza ndani ya muhula mmoja.

Dhana: Nabii ni mtu wa kutabiri yajayo

Mwanafunzi huja na dhana hii kutoka nyumbani. Nabii anayemjua yeye ni yule anayekwambia utaolewa lini na nani amefunga riziki yako. Amosi hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu wa Tekoa, kijiji kilichokuwa kama kilomita 16 kusini mwa Yerusalemu, naye akapelekwa kusema upande wa kaskazini, Israeli, katika karne ya 8 KK, enzi za Yeroboamu wa Pili. Nchi ilikuwa imetulia na matajiri walikuwa wanapanda. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua Samaria, mji mkuu wa Israeli, miaka ya 1930 walikuta mapambo mengi ya pembe za ndovu yaliyonakshiwa, na ukisoma Amosi 3:15 na 6:4 unazikuta pembe zilezile, kwenye nyumba na kwenye vitanda.

Sehemu kubwa ya maneno yake inahusu mambo yaliyokuwa yakitendeka siku zilezile sokoni, langoni penye mahakama na madhabahuni. Yajayo anayotaja ni matunda ya hayo. Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru mwaka 722 KK, miongo michache baadaye. Kwa hiyo kwenye kipindi cha kwanza usianze na swali la "unabii huu umetimia au bado?" Uliza: katika mistari hii nani anaumia, na nani anakula faida? Waandike majibu kwa kalamu, kisha msonge mbele.

Dhana: Hukumu inawahusu wengine

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote. Chukua karatasi kubwa, andika Israeli katikati, halafu gawa usomaji wa 1:3 mpaka 2:16 kwa watu wanane. Kila mmoja akimaliza, aweke alama upande lilipo taifa lake: Dameski kaskazini mashariki, Gaza kusini magharibi, Tiro pwani ya kaskazini, Edomu kusini mashariki, Amoni na Moabu ng'ambo ya Yordani, kisha Yuda, ndugu wa kusini. Waambie waitikie "Amina" baada ya kila hukumu, kama wasikilizaji wa kwanza walivyokuwa na kila sababu ya kufanya. Wataitikia kwa sauti, maana makosa yenyewe yanatisha. Gaza wamekamata watu wa mji mzima wakawauza. Amoni wamepasua wanawake wajawazito ili wapanue mipaka. Moabu wamechoma mifupa ya mfalme wa Edomu, na hapo Israeli haikuguswa hata kidogo. Mungu anasimama na aliyeonewa hata pale mwonevu na mwonewa wote si watu wa agano.

Kisha anasoma wa nane: "Kwa makosa matatu ya Israeli, naam, kwa manne." Alama saba zimeizunguka nchi, na ya nane imetua katikati. "Amina" inayumba. Usijaze ukimya huo kwa maelezo.

Kikundi kisipopita hapo, vipindi vyote vitakavyofuata vitageuka kuwa malalamiko juu ya wanasiasa na wachungaji wa makanisa mengine.

Dhana: Haki ni siasa, sisi tushughulike na mambo ya kiroho

Aliyesema hivyo kwanza ni Amazia, kuhani wa Betheli. Alimwambia Amosi arudi kwao Yuda akale mkate wake huko, kwa kuwa Betheli ni patakatifu pa mfalme (7:10-17). Alitaka ibada iendelee bila kuguswa. Amosi anasema Mungu amezichoka sikukuu na nyimbo hizo (5:21-23), si kwa sababu muziki ulikuwa mbaya bali kwa sababu waimbaji walikuwa wanawakanyaga watu nje ya mlango.

Soma 2:8 polepole. Maskini amekopa, akaweka nguo yake rehani. Kitabu cha Kutoka (22:26-27) kinaagiza arudishiwe kabla jua halijazama, maana hana kingine cha kujifunika usiku. Mkopeshaji amekaa nayo, na anaitandika kando ya madhabahu ajinyoshe juu yake. Hapo waulize wanafunzi kuhusu daftari la mama ntilie wa nje ya geti. Wapo wanaokula kwa mkopo mwezi mzima wakisubiri boom, pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, na siku pesa ikiingia wanabadilisha njia ili wasipite mbele ya jiko lake. Yeye amekopa unga na mafuta dukani kwa jina lake mwenyewe. Na wapendwa hao ndio wako mstari wa mbele kwenye kusifu siku ya Jumapili. Hilo si la kiroho? Kwa Amosi ndilo lenyewe.

Nenda mpaka 8:4-6, wafanyabiashara wanaosubiri sabato iishe wakapunguze efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha ya mnunuzi. Aliyekulia kijijini atakutajia lumbesa bila kuulizwa: gunia limejaa, kisha linaongezewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kwa Amosi muuzaji ndiye anayepunja na kwenye lumbesa ni mnunuzi, lakini Torati ilikataza vyote viwili, kipimo kikubwa na kidogo katika nyumba moja (Kumbukumbu la Torati 25:13-16). Sheria ya Tanzania pia inakataza lumbesa. Mwanafunzi wa kilimo au wa uhasibu akiliona hilo kwenye Biblia, hataona tena somo lake na imani yake kuwa vitu viwili.

Mstari wa 2:7 una jambo zito, mtu na baba yake kumwendea msichana yuleyule. Hapo rushwa ya ngono itatajwa, ambayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu kuwa kosa. Jiandae. Huenda kwenye duara hilo amekaa dada ambaye limemkuta. Usimtake atoe ushuhuda mbele ya kikundi, na usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Jua mapema ofisi ya mshauri wa wanafunzi iko wapi, na dawati la jinsia liko wapi, ili ukiambiwa umsindikize.

Dhana: Mungu wa Agano la Kale ni wa hasira, wa Agano Jipya ni wa upendo

Mjane ambaye kesi yake ya shamba imeahirishwa mara kumi hasikii neno "hukumu" kama tishio. Analingoja. Ndiyo maana Amosi anaomba hukumu itelemke kama maji (5:24), na Zaburi ya 96 inaimba kwa furaha kwamba Bwana anakuja kuihukumu dunia. Yesu naye aliwalaumu waliotoa zaka ya mnanaa wakaacha mambo makuu ya sheria (Mathayo 23:23).

Tena hukumu ya manabii ina mlango. Amosi aliombea watu haohao mara mbili, Bwana akaghairi (7:1-6). Nabii Mika alitangaza kwamba Sayuni italimwa kama shamba, na karibu karne moja baadaye wazee wa Yuda walikuwa bado wanakumbuka kwamba mfalme Hezekia alimcha Bwana, na mabaya hayo yakaondolewa (Yeremia 26:18-19). Wakumbushe wanafunzi kwamba anayesema hukumu bila kuombea hajasema kama nabii.

Dhana: Kila janga ni hukumu ya Mungu

Hapana. Amosi aliisoma njaa na ukame wa Israeli kama wito wa kurudi (4:6-11) kwa sababu alipewa neno, na aliwaambia watu wake mwenyewe. Yesu alipoletewa habari za waliouawa na Pilato, alitaja pia wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine (Luka 13:1-5). Maporomoko ya Katesh, Hanang, ya Desemba 2023 yaliua watu waliokuwa na familia, na huenda mmoja wa ndugu zao yuko kikundini kwako. Mtu akianza kusema walikosea nini, msimamishe hapohapo, kwa upole lakini mbele ya wote.

Dhana: Kila kipindi lazima kifungwe kwa neno la faraja

Viongozi wapya huogopa kuwaacha watu wakiwa wazito, basi kila wiki hurukia 9:11, ahadi ya kuinuliwa hema ya Daudi iliyoanguka. Amosi mwenyewe anaitunza ahadi hiyo mpaka mwisho kabisa. Mkiwa kwenye sura ya 5, fungeni kwa maombi ya toba na ya kuwaombea walioonewa, watu halisi mnaowafahamu, mkaondoke hivyo.

Wiki ya mwisho, weka 5:11 na 9:14 kwenye ukurasa mmoja. Kwanza watu walioonea maskini wamepanda mizabibu na hawatainywa divai yake; mwishoni watu waliorejeshwa wanapanda mizabibu na wanainywa. Wape dakika 20 wailinganishe mistari hiyo wenyewe, kisha waulize ni nani kati ya wale waliowaandika wiki ya kwanza ambaye deni lake bado halijalipwa.