Kwa nini mto mkavu wa Dodoma hujengewa daraja kubwa?

Ukisafiri kwa basi mwezi wa tisa kutoka Dodoma kwenda Kondoa, utapita juu ya madaraja ya zege ambayo chini yake hakuna kitu ila mchanga. Ng'ombe wanakatiza, watu wamefukua visima vya kunyweshea mbuzi. Fedha yote hiyo ya nini?

Jibu liko kwenye mvua. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa vishindo, juu ya ardhi ngumu yenye majani haba. Maji hayapati muda wa kuzama, yanakimbilia korongoni. Mto mkavu asubuhi unaweza kufurika jioni, hata pale ambapo halijadondoka tone, kwa kuwa mvua imenyesha huko juu vilimani.

Zamani makorongo mengi ya kanda hii yalivukwa kwa drifti, yaani zege lililolazwa kwenye sakafu ya mto ili maji yapite juu yake. Mto ukijaa, msafiri anasubiri maji yapungue. Lakini barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa Aprili 2018, hubeba mabasi na malori yasiyoweza kusubiri hivyo.

Sasa, wengi hudhani hatari ni maji kuipiga nguzo na kuiangusha. Hatari kubwa zaidi haionekani. Maji yakigonga nguzo, sehemu yake hushuka chini kwa nguvu, huzunguka na kuchimba mchanga unaoizunguka. Shimo linazidi kwenda chini kadiri mafuriko yanavyoendelea. Kisha mto ukipungua, mchanga mpya hulijaza shimo lile lile! Kesho yake unaona sakafu sawasawa, kumbe mchanga ule ni mlegevu, haujashikamana kama wa awali. Ndiyo maana misingi hushushwa chini sana, kupita kina ambacho maji yanaweza kuchimba, na ndiyo maana kulikagua daraja kiangazi peke yake hakutoshi.

Tuta la barabara nalo huliwa. Machi 2020 maji yalikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale Kiyegeya, Gairo, magari yakakwama pande zote mbili.

Na mchanga wenyewe una asili yake. Vilima vya Kondoa vilimomonyoka vibaya hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Udongo ukishuka kutoka vilimani hujaza mto, sakafu inapanda, nafasi ya maji chini ya daraja inapungua. Anayehifadhi vilima vile analinda na madaraja ya bondeni.

Kazi ya matunzo kwenye barabara kuu ni ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania: kuondoa magogo yaliyonasa kwenye nguzo, kuzibua mitaro, kupanga mawe ndani ya nyavu za waya kando ya kingo, kuziba nyufa kabla maji hayajafika kwenye nondo. Mizani za barabarani nazo zinasaidia, maana lori na mzigo wake halipaswi kuzidi tani 56.

Kinachonisikitisha ni uchimbaji wa mchanga wa ujenzi karibu na nguzo. Mji unakua, mchanga unatakiwa, lakini kila tripu inayochotwa hapo inaanza kazi ya mafuriko kabla mvua haijanyesha. Uchotwe mbali na daraja.