Farasi aliyepona anaweza bado kuambukiza

Wafugaji wengi wa farasi wanaamini kwamba jipu la koo la ugonjwa uitwao strangles kwa Kiingereza likishapasuka na usaha kutoka, ugonjwa umekwisha. Ukizuka tena zizini mwaka unaofuata, lawama huenda kwa baridi au vumbi.

Vumbi halina kosa. Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Streptococcus equi, na takriban farasi mmoja kati ya kumi waliopona hubaki naye kwenye mifuko ya hewa iliyo nyuma ya koo. Usaha uliosalia humo hukauka ukawa vipande vigumu kama kokoto, na bakteria huishi ndani yake kwa miezi, hata miaka. Farasi mwenyewe anakula, anakimbia, manyoya yanang'aa, nani atamshuku?

Hapo ndipo vinasaba vya bakteria husaidia kujua ugonjwa umetoka wapi. Zamani maabara zilisoma kipande cha jeni moja tu, SeM, inayobadilikabadilika. Siku hizi husomwa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya bakteria: bakteria wawili wakitofautiana herufi chache tu za vinasaba hivyo, basi wana asili moja ya karibu. Utafiti uliochapishwa 2021 ulilinganisha sampuli 670 kutoka nchi 19, ukakuta bakteria wanaokaribia kufanana kabisa Argentina, Uingereza na Umoja wa Falme za Kiarabu. Baridi ya Uingereza haifiki Dubai. Farasi wa mashindano wanafika.

Kwa hiyo aliyepona apimwe kwanza: kamera nyembamba hupitishwa puani hadi kwenye mifuko ile, ioshwe, na maji yake yapimwe maabara kabla hajachanganywa na wenzake.